Kibirizi hadi Kagunga: mwongozo kamili wa safari ya vijiji vya mwambao wa kaskazini Kigoma

Ukiitazama ramani ya Kigoma utaona barabara nzuri ikitoka mjini kuelekea kaskazini hadi Manyovu, mpakani na Burundi. Wageni wengi wakiiona hudhani wataendesha kando ya Ziwa Tanganyika, dirisha wazi, maji upande wa kushoto. Haiko hivyo. Barabara ile ikishapita Mwandiga inapanda milimani na haishuki tena. Chini, kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na maji, ndiko viliko vijiji vya Kigalye, Mtanga, Mwamgongo, Bugamba, Kiziba, Zashe na Kagunga, na watu wa huko wamezoea kwenda mjini kwa boti.

Kwa hiyo safari ya kaskazini ni safari mbili zilizounganishwa: ya gari juu, ya boti chini. Nashauri uanze na mlima. Siku ya gari inakupa nafasi ya kulitazama ziwa kwa mbali, kuulizia boti, na kujua upepo wa wiki hiyo ukoje kabla hujaweka roho yako juu ya mbao. Tenga siku tano. Nne zinatosha ukibana. Tatu usijaribu, maana boti ikikosa kuondoka siku moja tu, ratiba yote imekufa.

Chagua majira, halafu angalia mwezi

Mvua Kigoma huanza karibu na Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Miezi ya Juni hadi Septemba ni kavu, njia za milimani zinapitika, lakini upepo wa kusini huamka na alasiri ziwa linaweza kuchafuka vibaya. Tena ni wakati wa kuchoma mashamba na nyasi, hivyo moshi na vumbi hufunika upande wa pili. Unaweza kukaa wiki nzima usiione milima ya Kongo. Kipindi cha mvua hewa husafishika, milima ile inaonekana kama imesogezwa karibu, ila dhoruba hushuka ghafla na njia za udongo zinakuwa utelezi mtupu. Mimi ningechagua mwishoni mwa Mei hadi mwanzoni mwa Julai kwa anayetaka usalama wa majini na barabarani kwa pamoja.

Jambo ambalo wasafiri hawalifikirii kabisa ni mwezi wa angani. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku kwa taa. Mwanga huvuta dagaa juu, na samaki wanaowala, wakiwemo migebuka, huwafuata. Usiku wa mbalamwezi taa hazina nguvu hiyo, basi wavuvi hupumzika, hushona nyavu, hutengeneza injini. Ukifika wakati wa giza utaona ziwa limejaa taa usiku, na alfajiri ufukwe mzima unachemka: boti zinaingia, kina mama wanapokea ndoo, dagaa wanamwagwa kuanikwa. Ukifika wakati wa mbalamwezi utakuta wanaume wako nyumbani na wana muda wa kuzungumza. Anayetaka picha aende gizani. Anayetaka hadithi za ziwa aende mwezi ukiwa mpevu.

Kuna na hili: mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kabla ya kupanga, ulizia kama mwaka wako nao una kipindi cha kufunga na tarehe zake. Vijiji utavikuta na boti za abiria utazipata, lakini pilikapilika za dagaa hutaziona, na mlo wako utakuwa maharage zaidi ya samaki. Angalia kwamba kipindi hicho kinaangukia kwenye miezi ile niliyoisifu. Kama dagaa ndiyo sababu yako ya kwenda, sogeza safari hadi mwishoni mwa Agosti au Septemba, kisha uuheshimu upepo.

Mjini: maandalizi ya siku moja

Kigoma unafika kwa treni ya Reli ya Kati, kwa basi kupitia Tabora, au kwa ndege. Reli ilifika hapa mwaka 1914 na jengo la stesheni la Wajerumani bado linatumika. Ukishuka hapo umeshaanza kutalii bila kulipa kitu. Kama hujawahi kufika Ujiji, nenda jioni ya siku hiyohiyo. Makumbusho ya Livingstone yapo pale ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871, na mitaa ya Ujiji yenyewe, na Kiswahili chake cha Kimanyema, inazidi makumbusho kwa utamu.

Sasa mambo ya lazima. Kwanza kitambulisho. Beba kadi ya NIDA halisi, usitegemee picha kwenye simu. Unakwenda ukanda wa mpaka. Utaulizwa na uhamiaji, utaulizwa na polisi, pengine na mgambo wa kijiji. Watu wa Kigoma wamezoea kuulizwa uraia wao kuliko Watanzania wa mikoa mingi, na wengine wanalizungumzia kwa uchungu, hivyo wewe mgeni ukisimamishwa mara moja usinune. Mgeni wa nje abebe pasipoti yenye viza hai.

Pili fedha. Benki na mashine za kutolea pesa ziko mjini. Vijijini mawakala wa M-Pesa, Airtel Money, Halopesa na wengineo wapo, lakini wakala wa kijijini anaweza kuishiwa taslimu asubuhi moja boti za samaki zikiingia, kwa sababu kila mtu anatoa kwa pamoja. Toa pesa mjini, na zivunje: noti za elfu kumi kwenye kijiji ambacho soda ni bei ndogo zinaleta usumbufu kwa wote wawili. Chukua noti za elfu moja, elfu mbili na sarafu nyingi.

Tatu mzigo. Begi moja la mgongoni, na ndani yake kila kitu kifungwe kwenye nailoni nene au mfuko usiopitisha maji. Ukiwa na mifuko ya plastiki ya kubebea, iache. Ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Chandarua, dawa ya mbu, dawa ya malaria uliyoshauriwa na daktari, vidonge vya kutibu maji au chupa za kutosha, tochi, chaja ya akiba, kofia yenye kamba ya kidevuni, ndala, na sweta. Sweta watu huicheka mjini kwa joto lile. Wakifika Kalinzi, juu milimani, asubuhi wanaitafuta. Kina dada wabebe khanga mbili au tatu: ni shuka, ni taulo, ni kivuli kwenye boti, na ni heshima vijijini, maana mwambao huu una Waislamu wengi na suruali ya kubana inakuvutia macho usiyoyahitaji.

Siku ya gari: Mwandiga, Kalinzi, Manyovu

Jaza mafuta mjini. Kama huna gari, pale Mwanga au Mwandiga utapata gari dogo la abiria kwenda Manyovu. Ukiwa watu watatu au wanne, kukodi gari kwa siku kuna faida kwa sababu utasimama utakapotaka. Ondoka saa kumi na mbili unusu asubuhi.

Barabara ni ya lami, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mwandiga hadi mpakani, na gari la kawaida linatosha. Hatari yake ni kona na malori ya mizigo yanayokwenda na kutoka Burundi. Yanapopanda yanatambaa, yanaposhuka yanawaka breki. Usipite lori kwenye kona hata kama kondakta wake anakupungia mkono upite. Asubuhi za mvua ukungu hushuka hadi barabarani. Washa taa, punguza mwendo, na wapishe wanafunzi na baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi.

Kuanzia Bitale kwenda juu mandhari yanabadilika upesi. Uso wa ziwa uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Huku juu unapumua hewa nyingine kabisa. Michikichi inapungua, inaingia migomba, maharage, na kisha kahawa. Simama Kalinzi. Hii ndiyo kahawa ya arabika ya Kigoma, na ushirika wa Kanyovu umeiuza hadi nje ya nchi. Cha ajabu, kikombe cha kahawa hiyo hukipati kirahisi hapohapo inapolimwa. Watu wanakunywa chai ya maziwa. Uliza kama kuna mtu mwenye kahawa iliyokaangwa, ununue nusu kilo, utaifurahia kwenye boti.

Salamu ya Kiha ya asubuhi, "Mwakeye", itakufungulia milango mingi kuliko kamera yako. Utaona mtu mzima akiinama na kupiga makofi taratibu anaposalimia mkubwa wake. Usiige kwa mzaha. Kwa mzee yeyote "Shikamoo" inatosha na inaheshimika, na subiri aitikie kabla hujaendelea na maswali.

Manyovu yenyewe ni mji wa mpakani: malori, wabadilisha fedha, bidhaa zinazopanda na kushuka. Nusu saa inakutosha. Usipige picha ya kituo cha forodha, askari wala magari yao, na usiwape wabadilisha fedha wa barabarani noti zako wazikague. Jambo la maana zaidi siku hii ni njiani wakati wa kurudi: mwombe dereva akusimamishe sehemu iliyo wazi upande wa magharibi, utazame chini. Utaona jinsi mlima unavyoanguka kwenda ziwani, na utaelewa kwa nini wahandisi walipeleka lami huku juu. Utaona pia njia nyembamba za miguu zikiteremka. Watu wa juu hushuka nazo kufuata dagaa, wa chini hupanda nazo kufuata maharage na ndizi, kwa miguu, mzigo kichwani.

Ipo pia njia ya Chankele, inayoelekea upande wa ziwa. Kabla ya kuingiza gari huko waulize bodaboda wa Mwandiga, na umtafute aliyepita wiki hiyo. Wa mwezi uliopita hana habari unayoihitaji. Mvua moja kubwa hukata udongo na kuacha korongo. Bila gari la kuvuta magurudumu yote usiingie.

Rudi mjini kabla ya magharibi. Gari liache kwenye gesti yenye uzio na mlinzi, umwandikie mhudumu siku unayotegemea kurudi.

Kibirizi: hapa ndipo safari inapoharibika au kunyooka

Kibirizi ni kijiji cha ufukweni kaskazini kidogo ya mji. Bajaji inakufikisha kwa dakika chache. Miaka ya karibuni maji ya ziwa yalipanda sana na kumeza sehemu za mialo, hivyo mahali boti zinapoegeshwa pamekuwa pakihamahama. Uliza "Boti za kaskazini ziko wapi leo?" na utaelekezwa.

Mpango wa kawaida ni huu: boti za abiria hushuka kutoka vijijini alfajiri, zikishusha abiria na samaki mjini asubuhi, kisha hupakia bidhaa na kuondoka kati ya saa sita na saa nane mchana kurudi kaskazini. Jumapili kwa kawaida hazisafiri. Maana yake ni kwamba hakuna safari ya kwenda na kurudi siku moja. Ukipanda, umekubali kulala. Fika Kibirizi saa nne asubuhi. Si kwamba boti itaondoka mapema, bali saa nne hadi saa sita ndiyo saa za kuchagua.

Wapiga debe watakuvamia kila mmoja akisema boti yake ndiyo inaondoka sasa hivi. Wapite kwa upole, nenda hadi kwa nahodha au baharia anayepanga mizigo, na uulize kwa mpangilio huu: "Shikamoo mzee. Boti hii inafika Kagunga au inaishia Mwamgongo? Kesho inarudi saa ngapi? Jaketi okozi zipo?" Swali la pili lina uzito kuliko unavyodhani, kwa sababu boti utakayopanda mara nyingi ndiyo itakayokurudisha. Swali la tatu uliulize kabla ya kutoa nauli, na uombe jaketi lako ulishike mkononi. Jaketi lililofungwa kwa kamba chini ya magunia ya saruji halitakusaidia. Wapo wanaonunua la kwao mjini, na kwa mtu anayesafiri na mtoto ningesema hilo ni la lazima.

Bei mwulize abiria, usimwulize mpiga debe. Mama aliyekaa na furushi lake anaijua nauli kwa miaka, na atakutajia bila kupepesa. Mzigo mkubwa unalipiwa pembeni.

Kisha simama ukiangalie chombo chenyewe. Boti hizi ni za mbao, ndefu, wazi, zenye injini ya nje nyuma. Zinabeba kila kitu: saruji, makreti ya soda, magodoro, unga, mabati, sabuni, wakati mwingine na mbuzi. Tazama ukingo. Kama boti ikiwa bado ufukweni ukingo umeshakaribia maji na abiria hawajaisha kupanda, shuka. Tazama maji yaliyo ndani: kidogo ni kawaida na kutakuwa na kijana wa kuyachota, yakiwa yanafika kifundoni kabla ya kuondoka, tafuta nyingine. Tazama kama kuna injini ya akiba au angalau makasia. Na tazama ziwa. Kama vichwa vyeupe vya mawimbi vimeshaonekana mbali saa sita mchana, alasiri vitakuwa vikubwa zaidi. Wenyeji watapanda, wamezoea na wana sababu zao. Wewe huna sababu, rudi kesho. Nauli uliyolipa, kama hairudi, iache.

Kupanda kunahusu kuloa. Kunja suruali, vua viatu, shika simu juu. Vijana hubeba abiria mgongoni kwa malipo kidogo, na hakuna aibu yoyote, wazee wengi hubebwa. Mahali pazuri pa kukaa ni katikati, nyuma kidogo ya nusu ya boti. Mbele utarushiwa maji safari nzima, nyuma utavuta moshi wa injini. Kuelekea kaskazini mchana jua liko kushoto kwako, upande wa Kongo, na linaungua mara mbili kwa kuakisiwa na maji. Jifunike khanga. Kunywa maji kidogo kidogo: choo hakipo.

Majini

Boti husimama kila kijiji, kwa hiyo usihesabu kilomita. Hadi Gombe tu, hifadhi ya taifa ya sokwe, inaweza kuchukua saa tatu au nne kwa boti ya abiria, ingawa kwa umbali ni karibu. Kagunga utafika jioni, pengine usiku umeingia.

Chini yako kuna maji yanayofika kina cha mita 1,470. Ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Waogeleaji hodari huwa wanyamavu kidogo wakilisikia hili katikati ya safari, basi nimelisema mapema.

Baada ya Kigalye na Mtanga tazama milima kwa makini. Kwa muda mrefu itakuwa na nyasi, mashamba ya muhogo na miti hapa na pale. Halafu ghafla inaanza misitu minene inayoshuka hadi kwenye mawe ya ufukweni: umeingia Gombe. Mwisho wa hifadhi upande wa kaskazini hali inarudi kama mwanzo. Ni mpaka unaoonekana kwa macho matupu. Ndiyo sababu mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, ilianzisha mradi wa TACARE na vijiji hivi, wa miti, maji, afya na mikopo midogo, na baadaye vijiji vikatenga misitu yao ya hifadhi. Ukiona vichaka vinavyoanza kushikamana juu ya mashamba nje ya hifadhi, waulize wenyeji ni vya nani. Utapata majibu marefu, na si yote ya sifa: mwenye shamba dogo juu ya mteremko ana hesabu zake na msitu.

Mwamgongo: kushuka, kujitambulisha, kulala

Kama ni safari yako ya kwanza, lala Mwamgongo kabla ya kwenda mbali zaidi. Kijiji kimebanwa kati ya mlima na maji, nyumba zimepandana, na kila mtu atajua umefika kabla hujavaa viatu.

Hatua ya kwanza baada ya kushuka ni ofisi ya mtendaji wa kijiji, au nyumbani kwa mwenyekiti kama ofisi imefungwa. Toa kitambulisho, sema umetoka wapi, unakaa siku ngapi, unataka nini. Andika jina kwenye kitabu cha wageni. Hii inachukua dakika kumi na inakuondolea maswali ya siku nzima. Mwombe huyohuyo akuelekeze mahali pa kulala na kijana wa kukutembeza, na mkubaliane malipo mbele yake. Usitegemee gesti ya kisasa: chumba, kitanda, ndoo ya maji, basi. Ndiyo maana ulibeba chandarua.

Chakula ni mgebuka wa kukaanga au wa mchuzi wa mawese na ugali wa muhogo, au dagaa wabichi waliopikwa na nyanya. Ukibahatika utakula kuhe, ambaye kwangu mimi ndiye samaki mtamu kuliko wote wa ziwa hili, na sangala wakae mbali. Mwambie mama ntilie mapema. Jioni ukienda bila taarifa utakuta sufuria zimeshaoshwa.

Alfajiri nenda mwaloni. Salimia, simama pembeni kidogo, usikanyage dagaa walioanikwa. Wametandazwa juu ya mchanga, juu ya nyavu kuukuu au juu ya vichanja, na kwa jicho la mgeni wanafanana na ardhi tu. Picha omba kwanza. Kina mama wa dagaa wako kazini na jua ndilo saa yao: dagaa wasipokauka siku hiyohiyo thamani inashuka, na mvua ikinyesha mchana wanaweza kupoteza mtaji wote. Ukimkuta mtu anageuza dagaa, msaidie robo saa kabla ya kuuliza maswali.

Kuoga ziwani, fuata wenyeji. Kuna upande wa wanaume na upande wa wanawake, na kuna sehemu hawaogi kwa sababu ya mamba. Epuka maji yaliyotulia yenye matete na konokono, hasa vijito vinapoingilia, kwa ajili ya kichocho. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, bila ubishi; kipindupindu si mgeni katika mwambao huu.

Usijaribu kukata kwa miguu kutoka Mwamgongo kuingia Gombe. Hifadhi ni hifadhi hata kama hakuna uzio.

Kagunga

Kijiji cha mwisho. Mlima uko nyuma, Burundi iko pua na mdomo, ziwa mbele. Mei 2015, machafuko yalipozuka Burundi, makumi ya maelfu ya wakimbizi walijazana kwenye ufukwe huu mwembamba, kipindupindu kikaingia, na MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuzinduliwa Kigoma mwaka 1915, ikawa inawabeba kuwapeleka mjini ili waelekezwe kambi ya Nyarugusu. Watu wazima wote wa Kagunga wanayakumbuka. Usilianzishe kama swali la kwanza. Likija lenyewe, sikiliza.

Ukishuka ripoti kwa mtendaji na pita uhamiaji hata kama huvuki. Siku ya soko ndiyo siku ya kuwepo: ndizi, mawese, vitenge, dagaa, na Kirundi, Kiha na Kiswahili vikipishana katika sentensi moja. Ukiwa bado Kibirizi, ulizia siku ya soko la Kagunga ni lini. Usivuke kwenda upande wa pili "kidogo tu kuona". Mwenyeji anavuka kumsalimia shangazi. Wewe ukikamatwa utaeleza kwa lugha gani?

Na sasa simu. Huku mitandao ya Burundi inaingia kwa nguvu. Kuna madhara mawili. La kwanza ni gharama, kwa hiyo chagua mtandao wako kwa mkono na uzime huduma ya kutumia mitandao ya nje. La pili ni baya zaidi: Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu inayojirekebisha saa yenyewe itarudi nyuma usiku, utaamka ukidhani ni saa tisa alfajiri kumbe ni saa kumi, na boti imeondoka. Zima urekebishaji huo kabla ya kupanda Kibirizi.

Kama unataka sokwe

Gombe ipange peke yake, kama siku ya ziada wakati wa kwenda au kurudi. Boti za abiria hupita Kasekela, ilipo ofisi ya hifadhi, na wakati wa kurudi hupita hapo kama saa moja asubuhi. Fanya mpango na TANAPA mjini kabla: ada hulipwa kwa namba ya malipo au kadi, na Mtanzania analipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo kitambulisho tena. Lazima uwe na mwongozaji. Mwenye mafua au kikohozi hapelekwi kwa sokwe, kwani ugonjwa wetu mdogo unawaua. Utavaa barakoa na kukaa umbali wa mita 10. Watoto wadogo hawaruhusiwi. Chakula kifungie ndani, nyani wa ufukweni ni wezi wenye uzoefu. Jane Goodall alifika hapa Julai 1960, Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na utafiti haujasimama hata baada ya kifo chake Oktoba 2025. Miteremko ni mikali, viatu viwe vya kushika ardhi.

Kurudi, na kununua dagaa bila kupigwa

Usiku wa mwisho mtafute baharia wa boti yako, mwambie unalala nyumba gani na umpe namba. Wengi watatuma kijana akugongee. Lala umefunga begi. Asubuhi ziwa mara nyingi limetulia, baridi ipo, na sweta inarudi kazini.

Dagaa nunua kijijini kuliko mjini, na nunua waliokaushwa kwenye vichanja. Chukua mmoja umtafune: ukisikia mchanga, acha. Wazuri wanang'aa fedha, vichwa vimeshikamana na mwili, wakikunjwa wanavunjika. Waliogeuka njano au kulainika wamenyeshewa. Kilo chache za nyumbani hazina tabu, ila ukianza kuhesabu magunia pita kwa afisa uvuvi, ulipe ushuru na upate karatasi, la sivyo utayalipia kwenye kila kizuizi hadi Tabora. Mawese chukua kwenye dumu jipya, weka kipande cha nailoni chini ya kifuniko ndipo ukaze, na ulisafirishe limesimama. Kwenye basi lipelekwe buti ya mizigo ukiliona linaingia. Kwenye treni liweke chini ya kiti, mbali na begi la dagaa, na mbali zaidi na begi la jirani yako.